Panya Mwenye Ini la Binadamu: Maelezo ya Utafiti wa Virusi na Maradhi ya Ini, na Matatizo ya Kuueleza kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Kipungani ni kijiji kilichoko kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu. Wengi wa wakazi wake huishi kwa uvuvi na kilimo, na wanawake wake wanajulikana kwa ususi wa mikeka. Lugha yao ni ya jamii ya lahaja za kaskazini: kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita njia, wao hukiita ndia, na macho kwao ni mato. Kijiji hiki kimechukuliwa kuwa mfano katika makala haya si kwa sababu kina maabara, maana hakina, bali kwa sababu ni mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Elimu mpya ya tiba isiyoweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa mtu wa Kipungani haiwezi kusemwa kuwa imemfikia.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kilipatwa na mlipuko mkubwa wa homa ya chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa mwezi wa Oktoba mwaka huo ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 kisiwani walikwisha kuambukizwa, yaani watu 13,500 hivi. Baadaye virusi hivyo vilionekana Mombasa, Visiwa vya Ngazija, Réunion na Bara Hindi. Watu wa Lamu walitolewa damu, wakaulizwa maswali, na habari zao zikaingia katika maandishi ya wataalamu wa dunia nzima. Swali la mwanalugha ni hili: mtu anayeombwa damu yake aelezwe nini, na kwa maneno gani, kuhusu safari ya damu hiyo mpaka maabara, na kuhusu wanyama ambao dawa atakayopewa kesho ilijaribiwa ndani yao?

Miongoni mwa wanyama hao wamo panya ambao ndani ya miili yao ini limejengwa kwa seli za binadamu. Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza panya hao ni nini, wanapatikanaje, na wamefundisha nini kuhusu virusi na maradhi ya ini. Pili, kuchunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa shughuli hiyo, na kuonyesha mahali ambapo maneno hayo yanasaidia na mahali ambapo yanapotosha.

2. Ini, maradhi yake na majina yake

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili. Kwa mtu mzima uzito wake ni kilo moja na nusu hivi. Kazi zake ni nyingi: hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari, huvunja sumu na dawa, na hutengeneza protini za damu, zikiwamo zile zinazoifanya damu igande mtu anapojikata. Wahenga waliliheshimu. Mtu aliyetiwa uchungu mkubwa husemwa kuwa amekatwa maini, kana kwamba hapo ndipo penye kiini cha uhai wake.

Kiungo hiki kina sifa moja ambayo ni msingi wa utafiti unaoelezwa hapa: kikikatwa au kikiharibika kwa sehemu, seli zilizobaki huweza kuzaana na kulijaza pengo. Sifa hiyo inapozidiwa na madhara ya miaka mingi, ini hujaa makovu, likawa gumu, na hatimaye huweza kupata saratani.

Visababishi vya madhara hayo si vya namna moja. Vimo virusi vitano vinavyotajwa kwa herufi A, B, C, D na E. Vya A na E huenezwa zaidi kwa maji na chakula vilivyochafuka. Vya B, C na D huenezwa kwa damu, B na D pia kwa kujamiiana, na vya B huweza kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Virusi vya D haviwezi kuenea peke yake. Huhitaji vya B viwepo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya B na milioni 50 na virusi vya C, na kwamba watu milioni 1.3 walikufa mwaka huo kwa maradhi hayo. Nchini Kenya chanjo ya virusi vya B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001.

Lakini si kila ini linaloharibika limeharibiwa na virusi. Mwaka 2004, mwaka ule ule wa chikungunya ya Lamu, watu 317 waliugua na 125 wakafa katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Sumu ya kuvu hiyo, ambayo kwa Kiswahili imepata jina zuri la sumukuvu, huliharibu ini moja kwa moja, nayo ikiungana na virusi vya B huongeza hatari ya saratani.

Sasa yatazamwe majina. Dalili ambayo kila mtu huiona ni umanjano wa ngozi na wa weupe wa macho, au mato kama asemavyo mtu wa Kipungani. Kwa hiyo watu wengi huuita ugonjwa wowote wenye dalili hiyo manjano. Pana vilevile homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mahsusi wa virusi vinavyoletwa na mbu na ambao una chanjo yake. Pana homa ya ini, jina linalotumiwa sana kwa magonjwa ya virusi A hadi E. Na pana safura, neno la asili ya Kiarabu linalohusiana na nyongo ya manjano, ambalo katika Kiswahili limekuja kuwa jina la ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu.

Hatari ya majina hayo ni dhahiri. Mtu aliyechanjwa homa ya manjano anaweza kudhani kwamba amekingwa na kila manjano. Tena neno homa katika homa ya ini humfanya mtu asubiri joto la mwili, ilhali mwenye virusi vya B au C anaweza kukaa miaka mingi bila homa wala umanjano, huku ini lake likiharibika na huku akiwaambukiza wengine. Hapa jina la ugonjwa linamdanganya mgonjwa.

3. Panya katika utafiti wa virusi Afrika Mashariki

Utafiti wa virusi katika Afrika Mashariki umefungamana na panya tangu mwanzo wake. Mwaka 1930 wanakondoo wengi walikufa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Daubney, Hudson na Garnham walieleza ugonjwa huo mwaka 1931, na katika anwani ya makala yao waliutambulisha kwanza kuwa ni mchochota wa ini wa mifugo, kisha kuwa homa ya Bonde la Ufa. Panya wadogo weupe wa maabara walionekana kuwa wepesi kushikwa na virusi hivyo, na maini yao yaliharibika upesi. Ugonjwa huo haukubaki kwa mifugo tu: katika mlipuko wa 1997 na 1998, maambukizi ya watu 27,500 yalikadiriwa katika wilaya ya Garissa peke yake, si mbali na Lamu. Inafaa kukumbukwa pia kwamba Garnham huyo huyo, akishirikiana na Shortt, ndiye aliyeonyesha mwaka 1948 kwamba vimelea vya malaria ya mamalia hukua kwanza ndani ya ini kabla ya kuingia katika damu.

Mwaka 1936 taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilianzishwa Entebbe, Uganda. Njia yake kuu ya kutafuta virusi ilikuwa kuingiza damu ya mgonjwa au maji ya mbu katika bongo za panya wadogo na kungojea. Kwa njia hiyo virusi vya West Nile vilipatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mmoja wa jimbo la jina hilo nchini Uganda. Virusi vya chikungunya navyo vilipatikana kwa msaada wa panya baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika. Jina la ugonjwa huo lilitolewa katika Kimakonde, kwa kitenzi chenye maana ya kujikunja, kwa kuwa maumivu ya viungo humkunja mgonjwa. Leo neno hilo linatumiwa na waganga wa dunia nzima. Wanaodai kwamba lugha za Kiafrika haziwezi kuipa sayansi istilahi wanajibiwa na neno hilo moja.

4. Kwa nini panya wa kawaida hatoshi

Panya akishikwa na virusi haina maana kwamba anaugua kama mtu. Mfano ulio wazi ni homa ya manjano. Max Theiler alionyesha mwaka 1930 kwamba panya weupe hupata virusi hivyo vikiingizwa katika ubongo. Ugunduzi huo ulifungua njia ya chanjo ya mwaka 1937, na Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Lakini kwa panya hao ugonjwa ulikuwa wa ubongo, ilhali kwa binadamu ni wa ini, figo na damu.

Kwa virusi vya B na C hali ni ngumu zaidi, maana ini la panya haliwashiki kabisa. Sababu yake inaweza kuelezwa kwa mfano wa mlango na kufuli. Kirusi hakiwezi kuzaana nje ya seli. Hapana budi kiingie. Juu ya seli zimo protini zenye kazi zake za kawaida, na kirusi huzigeuza kuwa mlango. Mwaka 2012 watafiti wa Beijing walionyesha kwamba mlango wa virusi vya B na D ni protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake halisi ni kuingiza chumvi za nyongo ndani ya seli ya ini. Panya anayo protini ya namna hiyo, lakini umbo lake limehitilafiana kidogo na la binadamu, na hitilafu hiyo ndogo inatosha kukizuia kirusi.

Kwa miaka mingi mnyama aliyefaa kwa uchunguzi wa virusi hivyo alikuwa sokwe mtu. Kumfunga na kumwambukiza mnyama aliye karibu hivyo na binadamu kulileta malalamiko mazito, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 2015 taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani ilitangaza kwamba haitagharimia tena utafiti wa aina hiyo kwa sokwe. Haja ya mnyama mwingine ilikuwa imekwisha kuonekana zamani.

5. Namna ini linavyopandikizwa

Ili seli za mtu ziishi na kuongezeka ndani ya panya, masharti matatu hayana budi kutimizwa.

Sharti la kwanza ni kwamba mwili wa panya usizikatae seli ngeni. Kila mwili una kinga inayotambua kilicho chake na kisicho chake. Mwaka 1983 walielezwa panya ambao kwa kasoro ya kuzaliwa hawana seli muhimu za kinga, na kwa hiyo hawawezi kukataa kitu kilichopandikizwa. Baadaye panya wengine waliondolewa jeni zaidi za kinga kwa makusudi.

Sharti la pili ni kwamba seli za ini la panya mwenyewe zipungue, ili seli za mtu zipate nafasi na sababu ya kuzaana. Njia ya kwanza ilipatikana karibu kwa bahati. Mwaka 1990 walielezwa panya waliopewa jeni iliyofanya ini lao litengeneze kimeng'enya kilichowadhuru wenyewe. Wengi walikufa wakiwa wachanga. Lakini kwa wachache walioishi ilionekana kwamba seli zilizokuwa zimepoteza jeni ile zilizaana na kulijaza ini zima. Ikatambulikana kwamba ini lenye dhiki humkaribisha mgeni. Mwaka 1994 seli nzima za panya wadogo wengine zilitiwa katika maini hayo zikakua. Mwaka 1995 zilitiwa seli za panya wakubwa. Na mwaka 2001 zilitiwa seli za binadamu.

Njia ya pili ilielezwa mwaka 2007 na watafiti wa Oregon, Marekani. Panya wao hawana kimeng'enya kimoja, na kwa kukikosa seli za ini lao hujaa sumu na kufa, isipokuwa wakipewa dawa maalumu katika maji ya kunywa. Seli za mtu zikishapandikizwa, dawa huondolewa kidogo kidogo. Seli za panya hufa. Za mtu, ambazo zina kimeng'enya chake, huishi na kuongezeka. Kwa njia hiyo mtafiti anaweza kuchagua wakati wa kazi kuanza, na katika panya wengine seli za mtu zimefikia hadi 90 katika kila 100 za ini.

Sharti la tatu ni seli zenyewe. Hizi hutoka katika maini ya watu waliokufa ambayo hayakutumika kwa kupandikizwa kwa wagonjwa, au katika vipande vilivyokatwa wakati wa upasuaji. Seli hudungwa katika wengu wa panya, nazo hufuata mkondo wa damu mpaka katika ini. Baada ya wiki kadhaa damu ya panya hupimwa. Ikionekana ndani yake albumini ya binadamu, ambayo hutengenezwa na ini peke yake, hujulikana kwamba seli zimekubali.

Msusi wa Kipungani atalielewa jambo hili kwa mfano wa kazi yake. Mkeka ni kili nyingi zilizoshonwa pamoja. Msusi akiziondoa kili kuukuu moja moja na kutia mpya mahali pake, atabaki na mkeka wa umbo lile lile wenye kili nyingine, lakini uzi ulioshonea ni ule wa zamani. Ndivyo lilivyo ini la panya huyu. Seli zinazofanya kazi ya ini ni za mtu. Mishipa ya damu, mirija ya nyongo na seli za kinga zilizomo ni za panya. Mfano huu unafaa kwa kuwa hauonyeshi tu kilichobadilika bali pia kisichobadilika, na upungufu wa panya huyu umo katika kile kisichobadilika.

6. Mambo yaliyopatikana

Mwaka 2001 watafiti wa Alberta, Kanada, walionyesha kwamba virusi vya C vinaweza kuishi na kuzaana katika panya wa namna hii, na mwaka huo huo watafiti wengine wakaonyesha hivyo kwa virusi vya B. Tangu hapo dawa nyingi zimepimwa ndani ya panya hao kabla ya kupewa watu.

Mfano wa dawa moja unatosha. Kipande kifupi cha protini kiliundwa kwa kuiga sehemu ya ganda la virusi vya B, ili kiuzibe mlango wa seli. Mwaka 2008, kabla ya mlango wenyewe kutambuliwa, ilionyeshwa kwamba panya wenye ini la binadamu wakidungwa kipande hicho kwanza hawaambukizwi. Dawa iliyotokana nacho, iitwayo bulevirtide, iliruhusiwa katika Ulaya mwaka 2020 kwa wagonjwa wa virusi vya D, ambao kabla ya hapo hawakuwa na dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa wao.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mwaka 1993 dawa iitwayo fialuridine ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 15 wa virusi vya B. Majaribio ya awali kwa wanyama wa kawaida hayakuwa yameonyesha hatari iliyokuwamo. Wagonjwa 7 walipata kushindwa kwa ini, na 5 kati yao wakafa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuijaribu dawa hiyo hiyo kwa panya wenye ini la binadamu: maini yao yaliharibika kwa namna iliyofanana na ya wale wagonjwa, ilhali panya wa kawaida hawakudhurika hivyo. Kama panya hao wangalikuwapo na kutumiwa kabla ya 1993, yamkini onyo lingalipatikana mapema.

Malaria nayo imehusika. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba vimelea vya malaria kali ya binadamu vinaweza kukamilisha kipindi chao cha ini ndani ya panya hao. Kipindi hicho, ambacho huenda kimya bila dalili, kilikuwa kigumu mno kuchunguzwa kwa binadamu.

7. Mipaka yake

Panya mwenye ini la binadamu si binadamu mdogo, na utafiti wa homa ya manjano uliochapishwa mwaka 2020 unaonyesha hivyo vizuri. Virusi vya asili ya Afrika vilitiwa katika panya hao na katika nyani wa maabara. Kwa wote ini lilishikwa na kuharibika, na damu ikapata hitilafu ya kuganda. Lakini ile hali ya hatari ambayo damu hugandia ovyo ndani ya mishipa mpaka vigandishi vyake vikaisha ilitokea kwa nyani peke yao. Watafiti wakahitimisha kwamba huenda seli nyingine zisizo za ini zinahusika. Hapa panya amefundisha kwa kile alichoshindwa kukionyesha: kwa kuwa kilicho cha mtu ndani yake ni seli za ini tu, kisichotokea kwake kina sababu nje ya seli hizo.

Mpaka wa pili ni kinga. Katika ugonjwa wa virusi vya B, madhara mengi ya ini hayatokani na kirusi chenyewe bali na kinga ya mwili inayozishambulia seli zilizoambukizwa. Panya asiye na kinga hawezi kuonyesha vita hivyo, wala hafai kwa kupima chanjo. Kwa sababu hiyo pamefanywa majaribio ya kumpa panya mmoja seli za ini na seli za kinga za binadamu pamoja. Mpaka wa tatu ni gharama na ugumu wa kazi, kwa kuwa panya hao ni dhaifu, huhitaji vyumba visivyo na vijidudu, na kila mmoja hupandikizwa peke yake.

8. Matatizo ya istilahi

Tatizo la kwanza ni panya. Neno hili hutumiwa kwa mnyama mdogo wa maabara na pia kwa yule mkubwa wa ghalani, ambao kwa mtaalamu wa wanyama ni jamii mbili mbalimbali. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna hasara. Lakini jaribio la mwaka 1995 lililotajwa juu likielezwa bila uangalifu huwa ni panya aliyetiwa ini la panya, na maana yote hupotea. Inafaa kusema panya mdogo na panya mkubwa, na kushikilia tofauti hiyo kutoka mwanzo wa maandishi hadi mwisho.

Tatizo la pili ni virusi. Neno liliingia kutoka lugha za kigeni likiwa zima, na wasemaji wakalichukua vi- ya mwanzo kuwa ni kiambishi cha wingi. Ndipo likazaliwa kirusi kwa umoja. Wako wasiopenda umbo hilo kwa kuwa kirusi ni sawa na jina la lugha ya Warusi. Hata hivyo muktadha haumpotezi mtu, na sarufi yenyewe ya Kiswahili ndiyo iliyolizaa. Lugha iliyoweza kufanya hivyo bila kuagizwa na kamati haina haja ya kuonewa haya.

Tatizo la tatu ndilo kubwa. Wanasayansi wa Magharibi humwita mnyama huyu kwa neno lenye maana ya panya aliyefanywa binadamu. Likifasiriwa neno kwa neno kwa kunyambua binadamu au mtu, Kiswahili kinatoa maana isiyokusudiwa. Katika mtu umo utu, na utu si nyama wala seli, bali ni mwenendo na hadhi. Msikilizaji wa Kipungani akiambiwa kwamba panya ametiwa utu, atakuwa na haki ya kushtuka, na mshtuko wake hautatokana na ujinga bali na kuijua lugha yake vizuri. Umbo panya-mtu lina kasoro hiyo hiyo, na zaidi linafanana na viumbe vya ngano.

Fungu la maneno panya mwenye ini la binadamu ni refu zaidi, lakini linasema kweli. Tena lina faida ambayo neno la kigeni halina. Neno moja la kigeni hutumiwa kwa wanyama wa namna mbili: waliopandikizwa seli za mtu, na waliopewa jeni tu ya mtu huku seli zao zote zikiwa za panya. Kiswahili kinaweza kuwatenga bila taabu: panya mwenye seli za binadamu na panya mwenye jeni ya binadamu. Kwa kitendo chenyewe, kupandikiza linatosha, na mkulima analijua. Aliyezoea kuatika miche atakisia kwa urahisi kwamba kilichohamishwa ni kitu kilicho hai na kinachotarajiwa kukua.

Tatizo la nne ni majina ya maradhi, yaliyokwisha kuelezwa. Hapa kazi ya wanaistilahi si kubuni bali ni kupanga. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo maneno mengi ya elimu ya viumbe yamekuwa na makao. Kinachohitajika ni kwamba manjano liachwe kuwa jina la dalili; homa ya manjano libaki kwa ugonjwa wa mbu peke yake; na kwa yale ya virusi A hadi E pasemwe mchochota wa ini wa virusi, likifuatwa na herufi yake. Jina homa ya ini limeenea mno kiasi cha kutoweza kufutwa, lakini kila linapotumiwa mbele ya watu inapasa kuongezwa kwamba ugonjwa huo huweza kukaa bila homa.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba panya mwenye ini la binadamu ni chombo cha utafiti chenye nguvu na upungufu wake: hushika virusi ambavyo panya wa kawaida havishiki, huonyesha sumu ya dawa ambayo wanyama wengine waliificha, na hushindwa pale ambapo ugonjwa unahitaji mwili mzima wa mtu. Imeonyeshwa pia kwamba yote hayo yanaweza kusemwa kwa Kiswahili, na kwamba mahali pengine Kiswahili husema kwa usahihi zaidi.

Limebaki jambo moja dogo la sarufi. Mwalimu akisema mbele ya watu wa Kipungani kwamba panya huyo aliambukizwa na ini lake likaharibika, kiwakilishi lake kitarejea kwa nani? Kwa kanuni za upatanisho kitarejea kwa panya. Lakini seli hizo zilikuwa za mtu aliyekuwa na jina na jamaa, na ambaye yeye au jamaa zake waliulizwa na wakakubali. Msikilizaji akiuliza ini hilo ni la nani, hajakosea somo. Ameuliza swali ambalo ruhusa yote ya utafiti imejengwa juu yake. Mwenye kueleza hana budi kuwa na jibu la swali hilo kabla ya kuomba damu ya mtu mwingine.